Tundu la Sita

Opal Messer alitaka dola mia na themanini.
Nilikuwa na mia na sitini, nimezikunja tayari,
maana nilikwishaona fremu ya shaba imelegea
na kutu, kama madoa ya chai, shingoni mwa mtutu.
Hakubishana. Aliitoa bastola ndani ya soksi ya marehemu,
akailaza mezani, kati ya chupa ya siki na bili ya umeme,
akasema, "Kwanza nioneshe kama unajua kuilisha."

Sikujua. Nilikuwa nimesoma tu.
Miaka ishirini na sita natengeneza mabasi ya shule,
najua breki, najua kikohozi cha dizeli,
hiki sikukijua.

Basi tukaenda nyuma ya ghala la tumbaku,
penye kingo ya udongo na mlango wa friji uliotobolewa,
na mjane wa miaka sabini na mitatu akanifundisha.
Baruti kwanza. Kwa kipimo, si kwa jicho; jicho ni mlevi.
Juu yake kitambaa cha sufi kilicholowa mafuta,
juu ya kitambaa, gololi ya risasi, laini.
Shusha wenzo. Shindilia.
Ukiona pete nyembamba imenyolewa, inang'aa,
jua imekaa. Isiponyolewa itoe, itakuaibisha.
Kisha grisi kwenye kila mdomo,
la sivyo moto wa tundu moja utabisha hodi kwa jirani,
na jirani kwa jirani,
"na vidole vyako havitapata muda wa kuaga."
Fataki mwisho kabisa, kwenye chuchu
(usicheke, ndilo jina lake),
uzibane kidogo zishike, kama kofia ya mtoto penye upepo.

Alinihesabia matano.
Nikauliza, na la sita?
"Lina mtu."

Ndivyo alivyosema. Lina mtu.
Verlin alijaza yote sita, Jumapili moja ya Oktoba,
akafyatua matano, akasema bega linamuuma, tukale kwanza.
Miaka minne ile moja imelala kwenye droo,
naye akifungua kutafuta sindano,
akifunga.

Nilipiga yangu matano.
Niseme kweli: sikugusa hata mpini wa friji.
Lakini moshi! Mweupe, mzito,
ukasimama mbele yangu kama shuka lililoanikwa,
ukinuka mayai viza,
na mlio wenyewe si ule mkavu wa bunduki za siku hizi,
ni wa mlango mkubwa kusukumwa na upepo.
Kipande cha fataki kikadondoka ndani, gurudumu likagoma.
Opal akakichokoa kwa kibanio cha nywele
na hakunirudishia bastola.

Alivisha fataki mpya kwenye la sita. Akalenga.
Tik.
Hakushusha mkono. Mtutu ukiwa udongoni,
alihesabu hadi sitini, kwa sauti,
kama anayengoja watoto wajifiche.
Fataki nyingine.
Tik, kisha kitu kama pumzi kuvutwa, kisha
Verlin akatoka.

Mlango wa friji ulilia. Wapi, sikuona.
Yeye hakwenda kutazama.

Jikoni tuliiosha kabla kutu haijaamka:
maji ya moto, sabuni ya vyombo, mswaki mkuukuu,
tundu kwa tundu, mpaka beseni likawa jeusi
kama kahawa ya msibani.
Nilipoliinua nimwage, akanishika kifundo cha mkono.
"Hayo acha."
Nikapaka mafuta. Nikaanza kuifunga kwenye soksi.
"Soksi haimo kwenye bei," akasema, akaichomoa.

Niliondoka na bastola kwenye mfuko wa mkate,
na chini ya chupa ya siki, zile ishirini
nilizokuwa nimemnyima.