Sijalewa

Kadi yangu kaiandika Mbeleje,
binti yangu wa darasa la sita,
kwa kalamu ya bluu, nyuma ya jalada la daftari,
akaivika nailoni ya mkate
akaziba kingo kwa moto wa mshumaa.

Juu kabisa jina: Chilewa Masinjisa, wa Hombolo.
Chini yake neno moja: SIJALEWA.
Kalipigia mistari miwili.

Maana mwaka jana, msimu wa kuvuna,
nilidondoka katikati ya mizabibu,
jasho jembamba, ulimi mzito,
na wenzangu wakacheka: leo jina limempata mwenyewe!
Wakaniburuta kivulini nilale, pombe iishe.
Pombe gani?
Ni sukari iliyoshuka
kama maji ya bwawa mwezi wa Novemba.
Kijana mmoja wa kibarua, hata jina lake silijui,
alinikamulia zabibu midomoni, kwa mzaha tu,
na mzaha ukanifumbua macho.

Kwa hiyo: kisukari, anachoma insulini asubuhi na jioni.
Penisilini asipewe, hata kidogo.
Namba ya mama.
Hapo nafasi ikamwishia;
kundi la damu kalibana pembeni,
herufi moja na alama ya kujumlisha,
kama hesabu aliyoiacha njiani.

Naivaa shingoni, chini ya shati.
Jirani kaiona kisimani, kauliza kwa sauti ya chini
hirizi ile nimeitoa kwa mganga gani.
Nikamwambia, yuko shuleni,
atarudi saa tisa.