Sehemu ya Pili

Nkwabi kaniletea diski toka Kirumba,
kaifunga gazeti la juzi, inanuka dagaa.
"Ya kwanza achana nayo. Michoro kama ubao wa darasani."

Ya kwanza sijaimaliza.
Mwaka wa pili huu nimemwacha darajani
mpiga mishale niliyempa jina Limi,
uhai wake nukta tatu,
na mhunzi kule bado anadai upanga wake.

Naweka mpya. Inauliza:
*Una safari ya zamani ya kuendeleza?*

Taa za Bugando zimetapakaa kilimani.
Kidole kinagoma.

Natoa. Napuliza vumbi ile kuukuu.
Limi ananitazama
kama mama anavyomtazama
aliyetumwa chumvi
akarudi na ndevu.