Nta ya Sikio

Nina miaka tisa, kichwa changu mapajani mwa mama,
sikio la kushoto linatazama dari.
Akita, Februari, theluji imepanda hadi usawa wa dirisha.
Kijiti cha mwanzi kinaingia polepole,
kinatoka na nta laini, rangi ya asali.
Mama hasemi neno. Anafuta kijiti kwenye karatasi,
anaikunja mara nne, anaitia mfukoni
kama mtu aliyepokea barua ya deni.

Miaka kumi na tatu, ukumbi wa mazoezi.
Fumika anafungua dirisha moja. Kisha la pili.
Nje baridi inauma, na hakuna anayenitazama.
Kwetu adabu ni hiyo, kufungua dirisha.

Nikaoga alfajiri, nikaoga usiku,
nikajisugua kwa brashi mpaka ngozi ikachubuka,
nikajifunza kuinua mkono nusu
hata pale jibu nilipolijua.
Kikulacho ki nguoni mwako: basi niliyatuhumu mashati,
nikayachemsha moja baada ya jingine.
Kikwapa kikarudi kabla ya saa nne.

Daktari Morinaga hakuninusa.
Aliuliza tu: nta ya masikio yako ni kavu, au ya majimaji?
Nilicheka. Yeye hakucheka.
"Jasho lako halinuki," akasema,
"vijidudu wanaolila ndio wanaolinukisha.
Ni herufi moja tu uliyorithi. Hapa walio wengi
wana nta kavu kama pumba, na kwapa kimya.
Ungezaliwa upande mwingine wa dunia,
nani angekuwa na haja ya dirisha?"
Akaandika dawa ya kupaka usiku, ngozi ikiwa kavu;
wembe; nguo za pamba; shati la akiba.
Kisu, akasema, tukiache kwanza.

Nilimweleza mama jikoni, akimenya figili.
Akaweka kisu chake. Akavua sweta, akainua mikono,
mama ambaye sijawahi kumwona akiinua mikono,
hata kwenye bwawa la maji moto:
kovu huku, kovu kule, urefu wa kidole.
"Kabla ya harusi," akasema. "Nilidhani nimeukata mzizi."
Kisha akarudi kwenye figili.

Nimeishi. Dawa iko kando ya mswaki,
shati la pili liko mkobani. Siku nyingine halitumiki.
Siku nyingine linatumika, na mkutano unaendelea.

Mama ametimiza miaka minne kaburini.
Koti lake la baridi sijalifua.
Kisu kilibakiza kidogo, na hicho kidogo
kimekaa kwenye bitana, chini ya mikono,
kikali, chenye chumvi,
kama yeye akiingia ndani baada ya kuzoa theluji.
Jana mume wangu alipita kabati likiwa wazi,
akauliza kama afungue dirisha.
Nikasema, ngoja kidogo.