Vumbi Halipungui

Mchana natengeneza meno ya watu, Ngara:
magego ya plasta, kaakaa za waridi,
tabasamu la bwana harusi linalosubiriwa Jumamosi.
Usiku, Buruburu, nyumba ikishatulia,
meza ya kulia chakula inageuka gereji.

Moja kwa ishirini na nne.
Kila kitu kigawe.
Tairi linakuwa kifungo cha koti,
usukani, pete ya mtoto.
Mshipi wa dereva nimeukata kwenye utepe
uliofunga zawadi za ubatizo wa Kwamboka;
nyaya za injini nimezichuna
kutoka tumboni mwa redio iliyokufa.
Rejeta ilinishinda mara tatu.
Mara ya nne nikakata chujio la chai.
Asubuhi Nyaboke akamimina,
majani yakajaa kikombeni,
akanitazama.
Hakusema kitu. Akanywa hivyo hivyo.

Gari lenyewe ni la baba.
Si lake kwa hati, lake kwa grisi:
Pijo mia tano na nne, namba sitini na moja,
lililoondoka mjini likipigiwa makofi
likarudi siku ya tatu likivutwa kwa kamba.
Picha ipo moja tu, nyeusi na nyeupe.
Mlango wa kushoto umebonyea.
Baba yuko chini ya gari, miguu tu ndiyo inayoonekana,
na kiatu kimoja hakina kamba.

Rangi? Mama alisema samawati, akaapa.
Ba'mdogo Osoro akasema machungwa,
naye akaapa, tena kwa kaburi la mtu.
Nikaenda Barabara ya Kirinyaga kumwona Gurdial
aliyeyapaka rangi magari yale enzi hizo.
Akaishika picha mbali na macho, akaileta karibu,
akairudisha.
"Boneti nyeusi, isiyong'aa,
jua lisimrukie dereva machoni.
Kwingine paka utakavyo.
Kufika saa nne lilikuwa tope tupu.
Na baba yako hakunilipa brashi mbili."

Basi nikaenda kutafuta tope.
Nilichota udongo mwekundu Dagoretti, mfuko wa sukari,
nikautwanga, nikauchekecha kwa soksi ndefu ya Nyaboke
(hilo bado hajalijua),
nikaurashia gari.
Loo! Kila chembe jabali.
Boneti ikawa kama shamba lililong'olewa visiki.
Ndipo nikajua: chuma kinagawika, mpira unagawika,
hata dereva unaweza kumpunguza awe wa kidole,
lakini vumbi halipungui.
Vumbi la gari dogo ni lile lile la gari kubwa,
lile lile la kuta za nyumba yetu mwezi wa pili,
lile lile alilokuwa akilikohoa baba
miaka mingi baada ya mashindano.

Nikalisaga tena, kazini, saa ya chakula,
kwa mashine ya kung'arishia meno,
hadi ukilipulizia halishuki.

Ukabaki mlango.
Miezi minne ya msasa, tabaka saba za rangi,
ukawa laini kama shavu,
na sasa niubonyeze.
Usiku ule stima zilipotea mtaa mzima.
Nikawasha mshumaa, nikapasha mgongo wa kijiko,
nikakaa nacho mkononi hadi kikapoa.
Nikapasha tena.
Mara hii sikungoja.

Chini ya tope, ubavu wa kushoto ni samawati,
wa kulia machungwa.
Viapo vyote viwili vimesimama
na hakuna atakayekwangua kuhakiki.

Miguu nimeichonga kwa nta ya meno,
ikatokeza chini ya gari, visigino nje.
Kamba ya kiatu cha kulia ni uzi mmoja wa hariri;
kuufunga kwa kibano kumenila wiki nzima,
ukikatika, nikianza, ukikatika.

Cha kushoto nimekiacha kama kilivyo pichani.
Katika gari zima,
hicho tu ndicho hakikunisumbua.