Kulwa na Doto

Daktari Kokuhirwa kachora jicho langu
nyuma ya bili ya maji:
duara, na juu ya duara utando
mwembamba kama ganda la ndani la kitunguu.
"Njia ziko tatu," akasema.

Ya kwanza hukata kifuniko, kikafunuliwa
kama mgongo wa saa (hapo nikatabasamu,
nimefunua maelfu),
mwanga ukachonga chini yake, kikarudishwa,
na kesho yake unasoma vibao vya mabasi Nyegezi.
"Ila hakishiki tena kama alivyokishika Mungu.
Kiwiko cha mtoto tu, chaweza kuhama."

Ya pili haina kifuniko. Hukwangua ngozi ya juu,
ikaachwa iote yenyewe.
Siku nne za pilipili,
wiki kadhaa za ukungu,
miwani ya jua mpaka sebuleni.

Ya tatu hutoboa kitundu, na kipande cha jicho
kikavutwa nje kupitia hapo,
kama kumtoa dagaa chupani bila kuvunja chupa.
Mashine yake haipo huku. Utapanda ndege,
na bei usiiulize ukiwa umesimama.

Akapima unene wa konea:
mikroni mia nne na themanini na mbili.
"Nyembamba," akasema,
na njia tatu zikawa moja na nusu.
Nikacheka. Miaka ishirini na tatu chini ya ngazi, Mtaa wa Rufiji,
nawauliza wateja, tufanyeje?
hali najua fika
saa yenyewe imeshaamua.

"Unafanya kazi gani?"
"Fundi saa."
"Umri?"
"Arobaini na nne."
Kalamu akailaza mezani.

Sikumweleza, lakini alikwishajua:
nikivua miwani, ziwa na mbingu ni shuka moja,
Jabali la Bismarck ni mtu kachuchumaa,
mke wangu Ng'wasi ni gauni linalotembea.
Lakini nisogezee saa, shubiri moja tu na pua,
naona springi nyembamba kuliko unywele ikipumua,
naona vumbi kwenye jino la gurudumu,
na mkwaruzo wa fundi aliyenitangulia,
aliyekuwa na haraka.
Ubovu huu ndio ulionisomeshea watoto.

"Nikikunyoosha yote mawili," akasema,
"utahesabu pimbi kwenye mawe ya Saanane,
na saa utaitengeneza kwa miwani ya kusomea."
"Nabadilisha miwani kwa miwani?"
"Wapo wanaosema hivyo."

Ndipo akataja ya nne, kwa sauti ya chini,
kama muuzaji aliyebakiwa na kimoja:
jicho moja likwanguliwe, liende mbali,
jingine libaki na ufupi wake.
Kwetu pacha wana majina tayari.
Kulwa asafiri. Doto abaki nyumbani, alinde meza.
"Tofauti yao ni kubwa, ubongo waweza kugoma.
Jaribu kwanza wiki moja, lenzi ya kubandika."

Siku ya kwanza ngazi za Mabatini zilinipiga chenga.
Ya pili nilimimina chai pembeni ya kikombe,
mteja akadhani nimeanza kunywa.
Ya nne, nikiwa mlangoni pa kibanda,
Kulwa akapanda kilima peke yake
mpaka juu kabisa, kwenye nyumba zilizoegemea mawe,
akamkuta mwanamke akianika shuka la njano.
Nikamtazama, nikamtazama, mpaka akaingia ndani.
Sikuwa najua kwamba huko juu kuna watu wanaoanika.

Alhamisi nampigia daktari.
Fedha ninayo, pungufu kidogo.
Jibu sina.

Usiku huu Ng'wasi kakaa ng'ambo ya meza,
anachambua mchele, hanitazami.
"Na mimi," akauliza, "unaniona kwa yupi?"

Nikafumba Kulwa. Nikamwambia, sogea.