Utando wa Mwani

Baba alikuwa akianika betri juu ya bati,
nne, zimelala ubavu kama dagaa,
redio ipate nguvu ya habari za usiku.
Siku moja zikatoa maji.
Waya wa ndani ukaliwa, ukaota kutu ya kijani,
na redio haikusema tena.
Tangu hapo siamini betri yenye maji.

Wete, maabara ya skuli, dirisha moja halina kioo.
Mwani wa mama nimeuosha mara tatu,
nimeuchemsha hata ukawa uji unaogomea mwiko.
Nikatia chumvi, si ya mchuzi, ya zinki,
na vijiko viwili vya glisalini ya duka la Shaame,
aliyeniuliza kama ngozi imenikauka.
Nikaumimina juu ya kigae.
Siku ya tatu nikaubandua kwa wembe:
utando mwembamba, unaona vidole vyako nyuma yake,
ukiuinamisha haudondoshi kitu.

"Kikavu hivi, umeme utapitaje?"
Nikawakumbusha msaragambo wa zege kwa Bi Mize.
Nani aliondoka mahali pake?
Hakuna. Mikono tu ndiyo iliyocheza,
na ndoo ikafika juu.
Nyuzi za mwani ndiyo foleni ile:
zimeshikana, zinayumba papo kwa papo,
na chembe ya zinki inapokewa, inatolewa,
kiganja kwa kiganja.
Glisalini ni uji wa asubuhi;
bila huo mikono inakakamaa.
Mudhihiri akadakia: "Na wavivu je?"
Wapo. Kitabu chenu kinawaita ukinzani.

Zinki chini, unga mweusi wa betri mfu juu,
utando katikati kama msuluhishi.
Volti moja na kidogo.
Tukapanga viwili, tukafunga taa nyekundu
iliyong'olewa kwenye kiatu cha mtoto.
Haikuwaka sana.
Iliwaka.

Mama akaja na kanga bado mbichi kiunoni.
Akaushika utando, akaunusa.
"Huu wangu," akasema, "unanuka pwani bado."
Akautazama mwanga, akanitazama mimi.
"Kwa hiyo kilo watatupa ngapi?"

Nikaangalia dirisha lisilo kioo.

Vuli imeingia. Utando umekunywa unyevu,
umevimba, umeachana na zinki yake.
Kesho nachemsha tena, glisalini nipunguze.
Na mwenye kiatu
kila asubuhi anapita mlangoni,
mguu mmoja unamemeta, mmoja kimya,
anadai taa yake.