Mzigo wa Kuthibitisha

Kwa Afisa wa Mapingamizi,
ghorofa ya pili, Malindi, chumba cha feni mbovu,
kutoka kwa Tima Shekuwe, mpika mabuyu.

Barua yako imefika. Waniambia
mzigo wa kuthibitisha u juu ya mlipa kodi.
Mzigo naujua, bwana. Naupokea kila Jumatatu
kutoka Vitengeni, magunia tisa ya ubuyu,
na Karisa Mumba huyabeba kichwani
toka stendi hadi uani kwangu, Barani,
shilingi hamsini gunia.
Risiti ya Karisa ilikuwa jasho. Imekauka.

Sukari umeikubali, ina karatasi.
Rangi na iliki, vivyo hivyo.
Lakini ubuyu wenyewe, laki nne na elfu kumi na mbili,
umeupitishia kalamu mara moja tu,
kama mtu afutaye mdomo.
Kwa hesabu yako basi niliuza mabuyu
mwaka mzima pasi na kununua ubuyu,
nikapika sukari na upepo,
na watoto wa shule wakamung'unya upepo,
wakatema kokwa za upepo.
Faida ya namna hiyo, bwana, hata mganga haipati.

Ukaniuliza: huyu Dama Kitsao ana mashine ya risiti?
Dama ana upembo na miguu miwili.
Mbuyu haupandwi kwa leseni.
Kuandika hajui. Nikimlipa
huchovya kidole kwenye sinia, rangi ikiwa bado mbichi,
akagandamiza penye jina lake ndani ya daftari hili.
Hesabu alama: arubaini na tatu.
Zote nyekundu, zote zina kovu moja la panga
upande wa kushoto.

Ukurasa wa Machi umetobolewa na sisimizi.
Ulikuwa mtamu, ndiyo sababu.
Ya Machi siidai; sitakuja na sisimizi kutoa ushahidi.
Na ile elfu sita niliyoiandika "mengineyo",
nakiri: ni kitambaa cha arusi ya Nuru, mwanangu.
Hiyo kata. Nilijua hata nilipokuwa naiandika,
mkono ulikwenda kando kidogo,
angalia herufi zilivyolala.

Zilizobaki sizitoi.

Juzi uliponiita nilileta kikopo kimoja, sampuli.
Ulikuwa wafungua faili, ukatia kimoja mdomoni
bila kujua, kama afanyavyo kila mtu,
na ulipofika "gharama zisizothibitishwa"
ulimi wako ulikuwa mwekundu.
Kokwa ukaitema kwenye kisahani cha pini.

Niliiona. Naomba iandikwe,
iwekewe nambari na mhuri: kielelezo cha mwisho.
Ilitoka mtini, ikapita mikono mitatu,
na kila mkono niliulipa.

Nitie sahihi wapi? Kalamu sina,
lakini kidole changu bado hakijakauka.